Jenereta Aliyoichagua Sikio

Mgao wa umeme ukitangazwa, mwenye friji hulalamika, mwenye televisheni hutukana, na mwenye balbu moja hununua mshumaa akalala. Mwenye mayai mia mbili sitini na nne ndani ya mashine ya kutotolea hana hata nafasi ya kutukana. Anabaki kuhesabu siku kwa vidole.

Mama Vifaranga alihesabu. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo siku ya Jumatano: kuanzia Jumatatu, siku moja unakatwa upande huu wa barabara kuu, siku moja upande wa pili, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mayai yalikuwa na siku tisa ndani ya mashine. Yalitaka siku ishirini na moja za joto lisiloyumba. Na hayakuwa yake. Yalikuwa ya mfugaji mmoja mkubwa ambaye mtaa ulimwita Bwana Trei, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila trei za mayai nyuma ya pikipiki. Yeye alileta mayai, mama akayatotoa, vifaranga wakagawanywa: wawili wake, mmoja wa mama.

Awamu iliyopita umeme ulikatika siku nzima na nusu ya mayai yakaoza. Bwana Trei hakufoka. Alisema tu, "Mama, mara ya kwanza naita bahati mbaya. Ya pili nitatafuta nyumba nyingine."

Nyumba hiyo ilikula kwa vifaranga hao. Zamani ilikula kwa kazi ya mume, lakini zamani imepita.

"Tununue jenereta," alimwambia mumewe jioni ile, akiwa amesimama mbele yake, uso kwa uso, chini ya balbu. Miaka minane ilikuwa imepita tangu aache kumwambia jambo la maana akiwa nyuma yake.

"Jenereta?" mume alisema. "Hilo niachie mimi."

Mtaa mzima ulimwita Sikio. Alikuwa fundi wa injini: pampu za maji, mashine za kusaga, jenereta. Enzi zake alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini akaugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho kama mtu anayesali, kisha akasema, "Ni vali ya pili," na vali ya pili ikatolewa ikiwa imeungua. Watu walitoka mbali kuja kumwona akisikiliza. Lakini miaka ishirini na sita ubavuni mwa mashine za kusaga ilikuwa imeyala masikio yaleyale yaliyomlisha. Yeye hakulisema hilo. Mkewe hakuliuliza. Mteja alipokuja, mama alisogea, akamtazama mumewe na kurudia kwa sauti, kama mtu mzito wa kuelewa: "Ahaa, kwa hiyo inavuta maji halafu inakata?" Wateja walimwona mwanamke mpumbavu kidogo. Alikubali kuonwa hivyo.

Akiba yao ilikuwa laki tatu na nusu. Haikutosha, wakamwendea wifi, dada mkubwa wa Sikio, mwenye meza ya fotokopi chini ya mwavuli nje ya mahakama.

"Laki na nusu ninayo," wifi alisema, akizikunja fedha kabla hata hajazitoa. "Ila si sadaka. Siku ambayo umeme unakatwa kwangu, kwenu upo. Basi siku hiyo jenereta ije mezani kwangu. Kuku hawawezi kula peke yao katika ukoo huu."

"Sawa, wifi."

"Na mimi nakuja dukani. Kaka ni fundi, lakini fedha yangu naisindikiza mwenyewe."

Jumamosi asubuhi wakaenda wote watatu.

*

Duka lilikuwa na sehemu mbili. Mbele, kwenye sakafu iliyopigwa deki, jenereta mpya zilipangwa zikiwa bado na nailoni. Nyuma, kwenye ua uliolowa oili, ndiko zilikokuwa zilizotumika. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye macho ya usingizi.

"Ya kazi gani?" aliuliza.

"Mashine ya mayai," Mama Vifaranga alijibu. "Hita wati mia tatu, feni, balbu moja. Saa nane mfululizo."

"Na fotokopi!" wifi akadakia. "Nje, juani, siku nzima. Usinisahau mimi."

Muuzaji alijikuna shingo. "Fotokopi inameza, dada. Ikianza tu kupasha joto inavuta wati elfu na zaidi. Hii ndogo hapa ni wati elfu moja, na hiyo namba ya kwenye boksi usiiamini yote. Toa robo, ndiyo ya kutumia kutwa. Mayai itayalea mpaka uchoke wewe. Fotokopi itaizima."

Mama Vifaranga aliinama akaishika mpini. Kilo kumi na tatu. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaiweka chini, akauliza kama anaweza kuvuta kamba. Alijua kwamba siku za mgao mumewe angekuwa kwenye vibarua na kamba angeivuta yeye. Mara ya kwanza ikakataa. Wanaume wawili waliokuwa wakinunua mkanda wa mashine wakageuka kutazama.

"Mama, si kinu hicho!" mmoja alisema, na mwenzake akacheka.

Alivuta tena na ikawaka. Ilinguruma taratibu, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Moshi haukuonekana.

"Laki nne na themanini," muuzaji alisema. "Waranti mwaka mmoja."

"Hii naitaka," Mama Vifaranga alimwambia mumewe, akimtazama usoni.

Sikio aliigonga ile jenereta kwa kucha ya kidole gumba. "Mwanasesere huyu. Bati na plastiki. Ikifika mwezi wa pili unaizika. Twende nyuma tukaone chuma."

"Mwambie, kaka," wifi alisema. "Wati elfu moja nifanyie nini, nitoe kopi ya stempu?"

Huko nyuma alikiona chuma chake: jenereta pana, rangi imebanduka, wati elfu mbili na mia tano, uzito wa kubebwa na watu wawili. Laki nne na sabini. Sikio aliizunguka kama mtu anayenunua fahali. Akachomoa kipimio cha oili, akakipangusa kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Muuzaji akaiwasha, kisha akachomeka pasi mbili za umeme ili kuibebesha mzigo. Sikio alitoa bisibisi mfukoni, akaweka ncha kwenye injini na mpini nyuma ya sikio. Akafumba macho.

Mke wa fundi si fundi, lakini miaka ishirini na sita ya kupika hatua tano kutoka kwenye injini humfunza mtu. Pasi ziliposhika moto, chini ya ule mngurumo Mama Vifaranga alisikia. Ko. Ko. Ko. Kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Injini iliyotiwa oili nzito ili isigonge, na bado inagonga.

Alimtazama mumewe. Uso wa Sikio ulikuwa umetulia kabisa, una furaha ambayo hakuwa ameiona muda mrefu.

"Safi," Sikio alisema, akifumbua macho. "Huu ni moyo wa ng'ombe."

Mama Vifaranga alihamia mbele yake. "Fundi, hebu ibebeshwe mzigo tena. Kidogo tu."

"Tena ya nini? Nimeshaisikiliza." Aligeuka kwa muuzaji, akacheka. "Au siku hizi wewe ndiye Sikio? Chukua bisibisi basi!"

"Wifi, mwache mwanamume na kazi yake," dada mtu alisema. "Habari za kuku tutakuuliza wewe." Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa limemchosha, akaenda mbele ya duka kutafuta kiti.

Sikio aliinama kukagua miguu ya jenereta. Injini ilikuwa imezimwa, ua umekuwa kimya. Muuzaji alisimama nyuma yake hatua mbili, mikono mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, nikupunguzie elfu ishirini?"

Sikio hakugeuka. Aliendelea kutikisa mguu wa jenereta.

"Mzee. Thelathini?"

Sikio akahamia mguu wa pili. Muuzaji akamgeukia Mama Vifaranga, na yale macho yake ya usingizi hayakuwa na usingizi tena.

"Mama, mzee hasikii, eh?"

Mama Vifaranga alikaza kanga kiunoni.

"Mimi nauza zote mbili," muuzaji alisema. "Ile ndogo bado ipo pale mbele. Nakuuliza tu, nisije nikalaumiwa."

Mama Vifaranga alitazama kisogo cha mumewe, mvi zake, bisibisi ikichungulia mfukoni mwa nyuma. Duka hili mafundi wote walipitia. Neno moja hapa Jumamosi, Jumatatu lingekuwa kwenye kila karakana, na kila mwenye pampu angejua kwamba Sikio anaweka bisibisi kwenye mfupa kama mapambo. Miaka minane ya kujifanya mpumbavu mlangoni ingekuwa imepotea bure.

"Anasikia," alisema. "Alikuwa anafikiri."

"Anasikia?"

"Anasikia vizuri sana."

Muuzaji aliinua mabega. "Haya, mama. Mimi simo." Na lile punguzo la elfu thelathini hakulitaja tena.

*

Jumatatu ile jenereta kubwa ilifanya kazi. Waliiweka nje, chini ya kipande cha bati, mbali na dirisha, na waya ukapitishwa juu ya mlango. Kipimajoto ndani ya mashine ya mayai hakikuyumba. Jumanne Sikio na mtu mwingine waliibeba kwa mkokoteni hadi mahakamani, na wifi akatoa kopi mpaka karatasi zikamwishia.

"Kaka yangu ana sikio!" aliwaambia wateja wake. "Wengine wananunua kwa macho, yeye ananunua kwa sikio!"

Jumatano ikarudi nyumbani, Alhamisi ikaenda mahakamani, Ijumaa ikarudi. Kila iliporudi ilikuwa inabisha kwa nguvu zaidi. Si kidole tena, sasa ni ngumi. Mama Vifaranga alipika, alifua, aligeuza mayai, na kule kubisha kulimfuata kila chumba. Ijumaa alikaa mbele ya mumewe wakati anakula.

"Hii injini, una uhakika nayo?"

"Nimeisikiliza kwa masikio yangu haya."

Alimwongezea mboga.

Jumapili ilikuwa siku ya ishirini. Asubuhi, kabla umeme haujakatwa, aliweka tochi kwenye kioo cha mashine na kuona mayai kadhaa yameanza kudonolewa kwa ndani, vijitundu vidogo kama vimechomwa kwa msumari. Aliweka sikio kwenye mbao. Walikuwa wanalia humo ndani, sauti nyembamba, wengi. Alicheka peke yake.

Saa mbili umeme ulikata. Jenereta ikawashwa. Kulikuwa na baridi na manyunyu, upepo unaingia hata mahali pasipo na tundu. Sikio hakuwa na kibarua. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mgongo ukutani, karibu kabisa na jenereta, akisugua plagi kuukuu kwa msasa.

Ilipofika saa nne na nusu, jirani alitokeza kichwa juu ya uzio akiwa na taulo kichwani.

"Nyie! Mashine yenu inasaga mawe?"

Sikio aliona mdomo ukicheza na mkono ukipungwa. Akainua wa kwake. "Salama, jirani! Za kwako?"

Mama Vifaranga alitoka mbio. Sauti ilikuwa ya chuma kinachopigwa na chuma. Aliifikia jenereta, akanyoosha mkono kwenye swichi ya kuzimia. Sikio aliruka, akamshika kifundo cha mkono.

"Unazima nini? Una wazimu? Mayai yanataka joto!"

"Inavunjika! Niache! Inavunjika!"

"Eh? Niambie taratibu!"

Walivutana pale kwenye matope, watu wazima wawili, jirani akitazama. Kisha ukatokea mlio mmoja kama risasi, na ubavu wa injini ukapasuka. Konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikuwa imekatika na kutoboa ukuta wa chuma. Oili nyeusi iliruka kwenye gauni lake na kwenye bati. Mlio huo hata Sikio aliusikia. Aliuachia mkono wa mkewe.

Kutoka saa nne na nusu hadi saa kumi ni saa tano na nusu. Walichemsha maji, wakayatia kwenye madumu, wakayazungushia mashine, wakafunika kwa blanketi la kitandani kwao. Feni ilikuwa imesimama, hewa haizunguki. Joto lilishuka hadi nyuzi thelathini, madumu yakaletwa mengine, likapanda upande mmoja tu. Mchana Mama Vifaranga aliweka tena sikio kwenye mbao. Walikuwa bado wanalia, wachache. Saa tisa aliweka tena. Baada ya hapo hakuweka.

*

Walitoka vifaranga hamsini na wanane. Saba walikuwa na miguu iliyopinda. Wengine walikuwa wamekufa na mdomo tayari nje ya ganda.

Jumanne asubuhi Bwana Trei alikuja na maboksi kumi ya kubebea. Alitumia moja. Hakugawa wawili kwa mmoja. Aliwachukua wote hamsini na mmoja wazima, na hakuna aliyemkumbusha mapatano. Kisha akaanza kutoa trei zake tupu kutoka stoo na kuzifunga kwenye pikipiki, hata zile zilizovunjika kona.

"Hizo nilidhani tutatumia tena," Mama Vifaranga alisema.

"Zitatumika," Bwana Trei alisema, "kwingine."

Wifi alikuwa amekuja, amesimama mlangoni mikono kiunoni. Getini alisubiri mteja wa Sikio, mtu mwenye baiskeli na pampu ya maji nyuma, wa kwanza wiki ile. Jirani alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Sikio alitoka ndani amevaa shati safi. Mkononi alikuwa na kile kipande cha konrodi, amekifunga kwenye gazeti.

"Naenda kwa yule mwizi," alisema. "Kaniuzia injini mbovu. Nitamwekea hii juu ya meza, mbele ya watu, anieleze. Mimi! Miaka ishirini na sita!"

"Twende wote," wifi alisema. "Fedha yangu ataitapika."

Akilini mwake Mama Vifaranga aliwaona wakifika dukani. Aliwaona mafundi pale mbele, na muuzaji mnene akisema taratibu, Nilimuuliza mkeo. Akasimama mlangoni.

"Usiende," alisema.

Sikio alikuwa anatafuta kofia yake.

"Usiende, mume wangu. Iligonga tangu dukani. Nilisikia."

"Kofia yangu iko wapi?"

Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza. Alitaka kulisema polepole, wawili tu. Lakini macho ya Sikio yalikuwa yamejaa hasira na maji, hayasomi mdomo wa mtu.

"Unasemaje? Sema!"

Basi akasema. Akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa ndani ya nyumba ile.

"Iligonga palepale dukani! Mimi nilisikia! Wewe hukusikia! Muuzaji akaniuliza, nikamwambia unasikia! Husikii, mume wangu! Miaka minane husikii!"

Ufagio ulisimama. Bwana Trei aliacha kamba mkononi. Wifi alijiziba mdomo, kisha akautoa mkono. "Na mimi nikatoa laki na nusu," alisema.

"Kumbe Sikio hasikii?" mtu wa baiskeli alimuuliza jirani. Aliikaza upya kamba ya pampu yake, akageuza baiskeli. "Sasa injini anazitengeneza kwa kunusa?"

Jirani alijaribu kujizuia, akacheka.

Sikio alisimama katikati ya ua na gazeti lake. Alimtazama Bwana Trei, akamtazama dada yake, akatazama midomo mmoja baada ya mwingine, akatazama mgongo wa mtu wa baiskeli unavyokwenda. Kisha akamgeukia mkewe. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza swali hilo.

"Wamesemaje?"

Mama Vifaranga alisogea mahali penye mwanga, uso wake ukaonekana wote. Akamwambia neno kwa neno, la kila mmoja, na la mwisho, kwamba jirani alicheka.